Sahihi na Usahihi

Lugha yetu ina neno moja linalobeba mizigo miwili. Tunasema "tia sahihi hapa", tukimaanisha andika jina lako kwa mkono wako. Tunasema pia "jibu hili ni sahihi", tukimaanisha halina kosa. Neno ni lile lile. Na mimi naona humo ndani umejificha mtego, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba kitu chenye sahihi ni kitu sahihi. Je, ni kweli? Mtu akitia sahihi chini ya kitu anatuambia kwamba ni chema, au anatuambia tu kwamba kimetoka kwake? Na liko swali la pili linaloniumiza kichwa zaidi: nani ana haki ya kuamua kwamba sahihi ya fulani ndiyo itakayokubaliwa ndani ya nyumba yangu?

Ndugu msomaji, mfano wangu nitautoa kwenye kompyuta. Usiruke ukurasa. Sitakuchosha na hesabu, na jambo lenyewe si la mafundi peke yao.

Kuna aina ya programu ambayo mafundi wetu wa mjini wanaiita draiva. Najua neno linachekesha, maana dereva tunayemjua sisi ni yule wa daladala. Lakini jina limekaa vizuri. Kompyuta ina vifaa vingi: skrini, kibodi, kadi ya mtandao, printa. Mfumo mkuu wa kompyuta hauwezi kujua lugha ya kila kifaa cha kila kiwanda duniani. Draiva ndiyo inayoendesha kifaa kimoja kwa niaba ya mfumo. Na ili iweze kazi hiyo, mara nyingi inaruhusiwa kuingia hadi kwenye kiini cha mfumo, mahali ambapo hakuna mlango unaofungwa. Programu ya kawaida ikikosea, inaanguka peke yake. Draiva ya kwenye kiini ikikosea, gari zima linaingia mtaroni na abiria wake. Na ikiwa na nia mbaya, inaweza kusoma kila herufi unayoandika, na hakuna wa kuiuliza.

Ndiyo maana watu wakadai leseni. Mtengenezaji wa draiva anaipitisha programu yake nzima kwenye hesabu fulani, inatoka namba fupi ambayo ni kama alama ya kidole: ukibadilisha herufi moja tu ndani ya programu, namba inabadilika. Kisha anaifunga namba hiyo kwa ufunguo wake wa siri. Kompyuta yako inao ufunguo wa wazi unaolingana na ule wa siri, kwa hiyo inaweza kukagua: je, draiva hii imetoka kwa fulani kweli, na je, imefika bila kuguswa njiani? Hiyo ndiyo sahihi ya kidijitali. Ni kazi nzuri na siidharau. Bila hiyo, mwizi yeyote angeweza kuvaa sare ya kampuni na kuingia.

Lakini ngoja kwanza. Trafiki akisimamisha daladala na kukagua leseni, leseni inasema nini? Inasema mtu huyu aliwahi kufanya mtihani na jina lake ni hili. Haisemi kwamba leo hajanywa. Haisemi kwamba breki ni nzima. Sahihi ya draiva nayo ni hivyo hivyo. Inajibu swali la "nani?" na kunyamaza kabisa juu ya swali la "je, ni salama?" Sisi ndio tunaojijazia jibu la pili vichwani mwetu.

Ushahidi upo. Mwaka 2010 iligunduliwa programu ya hujuma iliyopewa jina la Stuxnet, iliyolenga mitambo ya kurutubisha urani huko Iran. Draiva zake, zilizoingia kwenye Windows, zilikuwa na sahihi halali kabisa, za kampuni mbili za Taiwan, Realtek na JMicron, ambazo inaaminika funguo zao ziliibwa. Kompyuta iliuliza swali lake, ikapata jibu linalolingana, ikafungua mlango. Mwaka 2021 Microsoft wenyewe walikiri kwamba walikuwa wametia sahihi yao kwenye draiva iliyoitwa Netfilter, kumbe ilikuwa ya wahalifu. Hapo ufunguo haukuibwa. Mwenye muhuri aligonga mwenyewe.

Halafu ikaja tarehe 19 Julai 2024. Draiva ya kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike, yenye vyeti vyote, ilisoma faili jipya la data lililotumwa siku hiyo. Faili lilikuwa na kasoro. Kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zikaanguka, ndege zikakwama viwanjani, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Hapa hapakuwa na mwizi wala mwongo. Dereva alikuwa na leseni safi, ila mzigo aliopakiwa asubuhi ndio haukukaguliwa sawasawa.

Hadi hapa nimezungumzia nyumba ambayo mwenyewe ni mmoja na muhuri ni wake. Sasa tuvuke tuingie upande wa programu huria, yaani zile ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi, mtu yeyote anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Huko swali la sahihi linakuwa gumu zaidi, na kwangu mimi linakuwa la kimaadili hasa.

Wengine hawajui kwamba ugomvi wa uhuru wa programu chanzo chake kimojawapo ni programu ya kuendesha kifaa. Richard Stallman amesimulia mara nyingi jinsi maabara aliyofanyia kazi katika chuo cha MIT, Marekani, ilivyopata printa mpya ya Xerox ambayo karatasi zilikuwa zikikwama. Printa ya zamani aliweza kuitengenezea programu ya kuwajulisha watu kwamba karatasi imekwama. Hii mpya hakuweza, kwa sababu maandishi ya programu yake hakupewa, na alipomwendea mtu aliyekuwa nayo akaambiwa kwamba ameahidi kutoyagawa. Mwaka 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, Finland, akatangaza kiini alichokiandika, ambacho leo tunakiita Linux. Imani ya watu hawa ilikuwa nyepesi kuieleza: huna haja ya kuapa kwamba programu yako ni njema, ilete tuisome. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Lakini hata kwenye uwazi palihitajika sahihi, na nakuomba uangalie ni ya namna gani. Mwaka 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM ikidai kwamba mali yake imeingizwa kwenye Linux bila haki. Mwaka 2004 wasimamizi wa Linux wakaweka utaratibu: kila anayeleta badiliko, iwe draiva nzima au mstari mmoja, aandike chini jina lake kwamba ana haki ya kulileta, na kwamba anakubali kumbukumbu hiyo ibaki wazi daima. Anayelipokea na kulipeleka mbele naye huongeza jina lake. Ukifungua historia ya draiva moja unakuta majina matatu manne yamepangana kama mashahidi kwenye hati ya kuuziana shamba.

Mstari ule hauna hesabu yoyote. Ni maandishi tu, hata mimi naweza kuandika jina la mtu mwingine pale. Kwa fundi wa usalama ni kitu dhaifu. Lakini kwa upande wa dhamira ni kizito kuliko muhuri wa hesabu, maana pale kuna mtu amesimama na kusema: mimi. Draiva ikiharibu, tunajua tukamwulize nani, na naye anajua ataulizwa.

Basi tunazo sahihi mbili. Ya kwanza ni ya ufunguo: ni ngumu kuighushi, lakini haina dhamira. Ya pili ni ya mtu: ni rahisi kuighushi, lakini ndiyo dhamira yenyewe. Hoja yangu ni kwamba ya kwanza ni mtumishi mzuri wa ya pili, na ni bwana mbaya inapotawala peke yake.

Mwaka 2012 jambo hili lilipimwa. Windows 8 ilikuja na masharti kwa watengenezaji wa kompyuta waliotaka nembo ya Microsoft: mashine iwe na kinga iitwayo Secure Boot. Maana yake, ile programu ndogo inayoamka kabla ya mfumo wenyewe haitawasha kitu chochote kisichokuwa na sahihi inayotambulika. Sahihi ya nani? Karibu kila kiwanda kiliweka ndani ya mashine ufunguo wa Microsoft. Kwenye kompyuta za kawaida masharti yalidai mwenye mashine aweze kuizima kinga hiyo na kuweka funguo zake. Kwenye vifaa vya Windows vyenye chipu za ARM masharti yalikuwa kinyume: isizimike.

Kwa hiyo watu wa Linux, waliokaa zaidi ya miaka ishirini wakijenga nyumba yao bila kumwomba mtu kibali, ghafla wakajikuta mlangoni kwao amesimama bawabu wa jirani. Wafanye nini? Watu wa Fedora walichagua njia ya kati. Kwa ada ya dola 99 mtu aliweza kupeleka programu kwa Microsoft kutiwa sahihi. Matthew Garrett, wakati ule akiwa Red Hat, alisimamia kazi ya kuandika programu ndogo sana iitwayo shim. Hiyo ndogo inatiwa sahihi na Microsoft, nayo ndani yake imebeba ufunguo wa wajenzi wa Linux, na kuanzia hapo wao wenyewe wanathibitisha kilichobaki, hadi kwenye kiini na draiva zake.

Wapo waliosema huu ni usaliti, kwamba mtu huru haombi ruhusa. Wapo waliosema ni busara, maana mwanafunzi anayejaribu Linux kwa mara ya kwanza hatajua kuingia kwenye matumbo ya mashine kuzima kinga, atakata tamaa na kuondoka. Mwaka 2013 Torvalds mwenyewe aligomba, na kwa lugha ya matusi, alipoombwa kiini kikubali draiva kwa njia ya sahihi ya Microsoft. Msimamo wake, ukiondoa matusi, ulikuwa kwamba kila mjenzi atie sahihi draiva zake mwenyewe, na kwamba mtumiaji awe ndiye mwenye amri.

Mimi naona pande zote zilikuwa na ukweli, lakini kitu kilichookoa hadhi ya jambo zima ni kidogo na watu wengi hawakisemi. Shim ina sehemu ya kuandikisha ufunguo wa mwenye mashine. Nilikutana nacho kwenye kompyuta ya mtumba, aina ya hizi tunazonunua zikiwa zimeshatumika Ulaya. Kadi yake ya mtandao ilitaka draiva ambayo haikuwamo kwenye Linux niliyoweka, ikabidi niijenge hapo hapo kutoka kwenye maandishi yake. Kiini kikaikataa: haina sahihi. Basi nikatengeneza jozi ya funguo, nikatia sahihi yangu kwenye draiva ile, nikachagua neno la siri, nikazima mashine na kuiwasha. Kabla ya mfumo kuamka ikatokea skrini ya buluu ikiuliza kama nataka ufunguo huu uandikishwe, na kudai lile neno la siri.

Tafakari utaratibu ule. Swali linaulizwa wakati mfumo bado umelala, hivyo mdukuzi aliye mbali hawezi kulijibu. Lazima mtu awe amekaa mbele ya mashine, vidole vyake juu ya kibodi. Yaani mashine inasema: nitamwamini unayemwamini wewe, lakini njoo useme mwenyewe, na lawama iwe yako. Sijaona mahali pengine ambapo hesabu kavu imeeleza kwa uzuri namna hii kwamba haki na wajibu ni pacha. Huwezi kudai kushika muhuri halafu ukakataa kuulizwa umeugonga wapi.

Na kiini cha Linux kina adabu nyingine ninayoipenda. Pale ambapo hakijafungwa kabisa, ukikiingizia draiva isiyo na sahihi kinakubali, lakini kinajiandikia doa. Doa hilo linabaki kwenye kumbukumbu hadi utakapozima mashine. Ukienda kuomba msaada kwa wataalamu, wataliona na kukuambia: bwana, wewe ulimkaribisha mgeni tusiyemjua. Hakukuzuia, na hakudanganya kwamba hukufanya. Wazazi wangapi, na serikali ngapi, zinajua kuwatendea hivyo watu wazima?

Sasa nijibu pingamizi, maana najua msomaji makini ameshalishika. Utasema: wewe unasifu uwazi na mashahidi, je, huko nako hawaingii wezi? Wanaingia. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 2008 iligundulika kwamba watu wa Debian, wenye utaratibu mkali wa kuthibitishana vitambulisho ana kwa ana, walikuwa tangu 2006 wakisambaza programu ya kutengeneza funguo iliyoharibiwa kwa nia njema: mtunzaji aliondoa kipande alichodhani hakina kazi, funguo zikawa rahisi kubahatisha. Maandishi yalikuwa wazi muda wote, na kwa takriban miaka miwili hakuna aliyeliona kosa.

La 2024 ni baya zaidi. Programu iitwayo XZ, ambayo si draiva bali hubana mafaili na imo karibu kila Linux, ilipata mtunzaji mpya aliyejiita Jia Tan. Alifanya kazi kwa subira zaidi ya miaka miwili, akasaidia, akaaminiwa, akapewa funguo. Kisha akatoa matoleo yenye mlango wa siri, kwa sahihi yake halali. Aliyegundua ni Andres Freund, aliyeona kuingia kwenye mashine kunachelewa kama nusu sekunde, akakataa kulidharau, akachimba. Ilikuwa mwishoni mwa Machi 2024. Na kumbuka kwamba Freund alikuwa mfanyakazi wa Microsoft, kampuni ile ile yenye muhuri. Lakini si muhuri uliotuokoa siku hiyo. Ni mtu aliyesoma.

Kwa hiyo sisemi kwamba uwazi unatosha. Uwazi unakupa nafasi ya kusoma, haukusomei. Hata mashahidi wa shamba wanaweza kutia dole gumba bila kuuona mpaka. Ninachosema ni kwamba kosa la XZ liliweza kufunuliwa na mtu asiyehitaji kibali cha mtu, siku ile ile dunia nzima ikakagua maandishi na kujua nini kilifanyika. Palipo na muhuri tu, na maandishi yamefungwa kabatini, unabaki kusubiri mwenye muhuri akuambie, akipenda.

Jambo hili si la wazungu na mitambo yao tu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi nzima hazitimizi masharti ya Windows 11. Nyingi kati ya hizo ni za aina tunayoletewa huku. Kwa shule yenye kompyuta kumi za mtumba, Linux inaweza kuwa tofauti kati ya darasa na stoo. Mashine ambayo mwenyewe anaweza kuandikisha ufunguo wake itaishi miaka mingine. Mashine ambayo muhuri wake umefungiwa ughaibuni itakufa siku mwenye muhuri atakapochoka nayo, hata kama vyuma vyake bado vinapumua. Tazama kadi za picha za NVIDIA: kuanzia zile za mwaka 2014 zilikataa programu ya ndani isiyo na sahihi ya kampuni, na vijana waliojitolea kuandika draiva huria wakashindwa kuzifanya zikimbie kwa nguvu zake zote. Kadi umenunua kwa fedha yako, lakini inamtii aliyekuuzia. Mwaka 2022 kampuni ile ilianza kufungua maandishi ya draiva zake za kwenye kiini, na ni vizuri, lakini kilichofunguliwa kwa hisani si sawa na kilichokuwa haki.

Na wale wanaotaka kuandika wao wenyewe? Ili draiva mpya ya kwenye kiini ikubaliwe kwenye Windows ya leo, unapitia lango la Microsoft ukiwa na cheti kinachotolewa kwa shirika lililosajiliwa. Kijana wa Mwanza mwenye akili na kompyuta moja si shirika. Kwenye Linux anaweza kupeleka badiliko lake kwa barua pepe likiwa na jina lake chini, nalo likasomwa, likakataliwa, likarekebishwa, likakubaliwa. Mlango huo huo ndio alioupitia Jia Tan, nakubali. Lakini ukiufunga kwa ajili ya mmoja, umewafungia nje maelfu, na wezi bado watapata njia ya kununua cheti.

Basi mimi nadai mambo matatu kwa yeyote anayetaka sahihi yake iheshimiwe. Kwanza, nyuma ya ufunguo awepo mtu au watu wanaojulikana na wanaoweza kuulizwa. Pili, kilichotiwa sahihi kiweze kusomwa, ili sahihi iwe mwaliko wa kukagua na si amri ya kunyamaza. Tatu, mwenye mashine awe na neno la mwisho, la kukubali na la kukataa, akiwepo mwenyewe na akibeba lawama mwenyewe. Likikosekana moja kati ya haya, sahihi inabaki kuwa wino, au namba ndefu.

Sidhani lugha yetu ilikosea kuziweka maana mbili kwenye neno moja. Pengine ilikuwa inatudai kitu: kwamba ukitia sahihi, hakikisha ni sahihi. Lakini deni hilo halilipwi na ufunguo. Linalipwa na aliyeushika, na na mimi na wewe tunaopaswa kusoma kabla ya kuitikia. Wewe mara ya mwisho kukubali kitu kwenye simu yako, ulisoma?